Namna ya Kuandika Maisha ya Msafiri wa Karne ya 19 Aliyevuka Ugogo: Anza na Maji na Nguo

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa historia, mwanafunzi, mwongoza wageni au mkazi yeyote wa Dodoma, Mpwapwa, Bahi au Manyoni anayetaka kuandika kwa uangalifu maisha ya mmoja wa wasafiri wa Ulaya waliopita katika nchi ya Wagogo karne ya 19. Vitabu juu ya wasafiri hao ni vingi, lakini kwa kawaida huanzia London au Zanzibar na kuishia ziwani, na Ugogo hupewa kurasa chache za vumbi, kiu na manung'uniko juu ya ushuru wa njia. Mwandishi aliye hapa anaweza kufanya kazi bora kuliko hiyo, kwa sababu anazijua mvua za nchi hii, anajua uwele na mtama huvunwa lini, na anaweza kufika kwa basi mahali ambapo msafara ulilala bila maji. Ushauri wangu mkuu ni mmoja, nao utaonekana katika kila hatua: kabla ya kuandika neno lolote juu ya ushujaa, woga au tabia ya msafiri wako, hesabu kwanza maji aliyokunywa na nguo alizolipa, kwa kuwa mambo hayo mawili ndiyo yaliyoamua aamke saa ngapi, alale wapi, agombane na nani na afike lini.

Kumchagua msafiri na kipande cha njia

Richard Burton na John Hanning Speke walivuka Ugogo mwezi Septemba na Oktoba 1857, wakiwa njiani kwenda Kazeh, yaani Tabora, na hatimaye Ziwa Tanganyika. Speke alirudi na James Grant mwishoni mwa 1860. Henry Morton Stanley alipita Mei na Juni 1871 akimtafuta Livingstone, kisha akapita tena Desemba 1874 akielekea Ziwa Victoria. Verney Lovett Cameron alipita katikati ya 1873, katika safari iliyomfikisha pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Livingstone mwenyewe, ingawa ndiye anayejulikana zaidi mashuleni, hafai kwa kazi hii, kwa kuwa safari yake ya mwisho iliingia bara kwa njia ya Ruvuma mwaka 1866.

Usiyachukue maisha yote ya msafiri wako. Chukua kipande cha kutoka Mpwapwa hadi Tura, upande wa Tabora, ambacho ni takribani kilomita 300 kwa mstari ulionyooka, na ambacho njia yenyewe inakigawa katika sehemu tatu zisizofanana: pori la Marenga Mkali lisilo na maji baada ya Chunyu, kisha Ugogo yenyewe yenye watu, mifugo na watemi, na mwisho Mgunda Mkali, vichaka vinene vya upande wa Manyoni na Itigi, ambako maji yalikuwa machache na watu wachache zaidi. Mpwapwa inafaa kuwa mwanzo kwa sababu ilikuwa na vijito na chakula, na misafara ilipumzika hapo kabla ya kulikabili pori.

Waambie wasomaji wako mapema kwamba hakuna jangwa la mchanga katika habari hii. Dodoma hupata kama milimita 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, hivyo anayepita Juni na anayepita Januari wanavuka nchi mbili tofauti. Waambie pia kwamba ni kwa watu wa Ulaya tu nchi hii haikuwa na ramani. Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu walikuwa wakiipita kwa miongo mingi na pembe za ndovu na, ni lazima isemwe bila kuficha, na watumwa. Wamisionari Erhardt na Rebmann, waliochora ramani ya bara katika miaka ya 1850 ikionyesha ziwa moja kubwa sana, waliichora kwa kuwauliza watu wa misafara wakiwa pwani. Ziwa lile lilikosewa, lakini taarifa za njia zilitoka kwa watu walioijua kwa miguu yao.

Kuisoma shajara kwa safu

Vitabu vya Burton, Speke, Stanley na Cameron vimeisha muda wa hakimiliki na vinapatikana bure kwenye intaneti. Usivisome kama hadithi. Fungua daftari kubwa au jedwali la kompyuta, weka safu za tarehe, saa ya kuondoka, saa ya kufika, maji, chakula kilichonunuliwa, hongo (ushuru wa njia) iliyolipwa, siku za kusimama na wagonjwa, kisha upite kitabu ukurasa kwa ukurasa ukijaza safu hizo na kuacha nafasi tupu pale mwandishi aliponyamaza. Nafasi tupu zina maana. Msafiri anayeeleza kwa urefu ugomvi wake na mtemi, lakini siku tatu mfululizo hasemi alikunywa nini, amekuonyesha mahali pa kuchunguza.

Kumbuka kwamba kitabu kilichochapwa si shajara yenyewe. Kiliandikwa baadaye, kwa wasomaji waliokuwa wakinunua, na hasira au sifa zingeweza kuongezwa mezani. Karatasi za Stanley zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, na wataalamu waliozilinganisha na vitabu vyake wamekuta tofauti zenye uzito. Usipoweza kuzifikia, angalau usiandike "alifanya" pale ambapo ulipaswa kuandika "anasema alifanya".

Tarehe nazo zihakikiwe. Homa iliwafanya wasafiri wapoteze hesabu ya siku, na mfano unaojulikana zaidi ni mkutano wa Ujiji wa 1871, ambao Stanley aliuweka tarehe 10 Novemba ilhali hesabu za Livingstone zinauweka mwishoni mwa Oktoba. Njia rahisi ya kuhakiki ni mwezi wa angani. Msafiri akisema walitembea usiku kwa mbalamwezi, tafuta programu ya kukokotoa hali ya mwezi kwa tarehe hiyo. Ikiwa usiku ule ulikuwa wa giza, ama tarehe imekosewa ama mbalamwezi imetiwa kwa ajili ya uzuri wa maneno.

Majira pia yataeleza mambo ambayo msafiri hakuyaelewa. Mwishoni mwa Mei 1871, Stanley alipotoka porini na kuingia Mvumi, wenyeji walimletea maziwa, asali, kunde, mtama, uwele, mahindi, samli, karanga, maboga na matikiti, naye akavinunua kwa nguo na shanga. Krismasi ya 1874 ilimkuta Ugogo ileile chini ya mvua kubwa, akiandika kwamba uzito wake, uliokuwa ratili 180 alipoondoka Zanzibar, ulikuwa umeshuka hadi ratili 134 katika siku 38, yaani kutoka kama kilo 82 hadi kilo 61. Msomaji wa mbali atadhani kwamba watu walibadilika wakawa wagumu. Mtu wa Dodoma anajua kwamba mwishoni mwa Mei mavuno yanaingia nyumbani, na kwamba Desemba ni mwezi wa kupanda, ambapo nafaka iliyobaki ni mbegu na chakula cha kuwafikisha watoto kwenye mavuno yajayo, na hakuna mwenye akili atakayeiuza kwa kipande cha kaniki. Hapa ndipo mwandishi wa hapa anapoweza kusahihisha vitabu vizima kwa sentensi moja.

Kuhesabu maji

Sehemu hii ifanye polepole, kwa sababu ndiyo moyo wa kazi. Stanley anaandika kwamba Marenga Mkali ilikuwa na upana wa zaidi ya maili 30, yaani kama kilomita 48, na kwamba ilipaswa kuvukwa ndani ya saa 36 kwa kuwa toka Chunyo, kama alivyoiandika Chunyu, hadi Ugogo hapakuwa na tone la maji. Anaongeza kwamba msafara mkubwa wa watu zaidi ya 200 mara chache huzidi maili moja na robo tatu kwa saa. Gawanya maili 30 kwa mwendo huo na utapata saa 17 za kutembea, mzigo begani, bila kunywa.

Msomaji atauliza kwa nini hawakubeba maji. Mjibu kwa hesabu. Watu 200 wakipewa lita nne tu kila mmoja kwa muda wote huo, ambacho ni kiasi kidogo kwa mtu anayetembea juani, zitahitajika lita 800, na uzito wake ni kilo 800. Mzigo wa kawaida wa mpagazi katika msafara wa Stanley ulikuwa ratili 70, yaani frasila mbili, kama kilo 32. Kwa hiyo wangehitajika wapagazi 25 wasiobeba kitu kingine chochote isipokuwa maji, na wapagazi hao nao wangekunywa na kulipwa. Kibuyu cha mtu binafsi kilikuwepo, lakini maji ya msafara mzima hayakuwezekana kubebwa, na hivyo msafara ulilazimika kuishinda kiu kwa kupanga saa.

Mpango huo uliitwa telekeza, na Burton aliueleza vizuri. Watu walipika, wakala na kunywa kwa kushiba asubuhi, wakaondoka kama saa sita mchana, wakatembea hadi jioni, wakalala mahali pakavu ndani ya boma la miiba, kisha wakaamka kabla ya alfajiri na kuyafikia maji siku ya pili kabla ya jua kuwa kali. Kwa njia hiyo kiu iligawanywa na usiku. Ukisoma kwamba msafiri wako alilalamika kwa sababu viongozi wa msafara walikataa kuondoka asubuhi, angalia safu yako ya maji kabla ya kukubaliana naye kwamba walikuwa wavivu. Mara nyingi utakuta walikuwa wakitekeleza telekeza, na mwenye haraka ndiye asiyeijua nchi.

Ndani ya Ugogo maji yalipatikana, lakini yalikuwa na wenyewe. Yalitoka katika visima vilivyochimbwa kwenye mchanga wa makorongo makavu, katika mabwawa ya msimu, na katika mashimo ambayo maji yake yalikuwa na chumvi. Kisima cha mchangani hujaa polepole, na mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni ya ndoo katika vijiji vyetu mwezi wa Oktoba anajua kwamba watu 200 wageni na punda wao wanaweza kukimaliza kabla ya ng'ombe wa wenyeji kufika. Ndiyo maana maji yalitozwa. Andika hivyo wazi, kwa sababu vitabu vya wasafiri vinayaeleza malipo ya maji kama tamaa tupu.

Jambo moja la kuangaliwa ni hali ya macho yaliyoiona nchi. Stanley alishikwa na homa wakati wa kuvuka Marenga Mkali na akachukuliwa kwa machela, hivyo maelezo yake ya pori hilo ni ya mtu aliyelala, anayetetemeka. Mwenzake William Farquhar aliachwa Mpwapwa akiwa mgonjwa na akafa huko. Safu ya wagonjwa isomwe sambamba na safu ya maelezo ya nchi, kwa maana siku za homa kila kitu huwa kibaya.

Kuhesabu nguo

Fedha ya njia hii ilikuwa nguo, shanga na waya wa shaba. Merekani ilikuwa nguo nyeupe ya pamba iliyopata jina lake kutoka Marekani ilikofumwa, kaniki ilikuwa ya buluu iliyokolea kutoka India, na juu yake palikuwa na nguo za rangi kwa ajili ya wakubwa. Kipimo kilikuwa doti, yaani yadi nne, na nusu yake iliitwa shuka. Shanga zilikuwa na aina nyingi, na kila eneo lilikuwa na aina yake: sami-sami nyekundu iliyopendwa hapa ingeweza kukataliwa mbele kidogo, na msafiri akabaki na mzigo usionunua hata yai.

Stanley aliacha hesabu nzuri zinazofaa kuwa kielelezo. Kabla ya safari ya 1871 aliambiwa kwamba watu 100 wangelishwa kwa doti 10 kwa siku, yaani yadi 40, na akapanga kununua doti 2,000 za merekani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za nguo za rangi. Ukigawanya jumla hiyo ya doti 3,650 kwa doti 10 utapata siku 365, mwaka kamili, na utaona mara moja kwamba kila doti iliyotolewa kwa mtemi ilikuwa chakula cha watu kumi kwa siku moja. Andika sura yako ya hongo ukiwa na kipimo hicho mkononi. Msafiri akisema aliibiwa, igeuze hongo yake kuwa siku za chakula, kisha umwache msomaji apime.

Hongo ilikuwa ushuru wa njia, na kila mtemi alitoza katika eneo lake, kwa mazungumzo ambayo yangeweza kuchukua siku nzima au zaidi. Kabla haijakamilika, soko lilifungwa na msafara haukuruhusiwa kuendelea. Burton na Stanley wote wawili waliandika kwa uchungu juu yake, na wasomaji wao wakawaamini. Mimi naona lawama hizo zimezidi. Mtemi wa Kigogo alikuwa na nchi isiyo na mto wa kudumu, mashamba yaliyo kando ya njia, visima vinavyokauka, na misafara ya mamia ya watu wenye bunduki wakipita kila mwaka kwenda kuchuma utajiri wa pembe mbele yake. Zanzibar ilitoza forodha kwa bidhaa hizohizo, na msomaji anaweza kujiuliza kwa nini karani wa forodha ni mtumishi wa serikali na mtemi wa Ugogo ni mnyang'anyi. Hata hivyo usiende upande wa pili ukawafanya watemi wote kuwa watakatifu. Walijua kwamba mgeni mwenye haraka hulipa zaidi, na walisubiri.

Mtemi mmoja wa kufuatilia ni Magomba wa Kanyenye, ambaye Burton anamtaja mwaka 1857 na Cameron anamkuta bado akitawala mwaka 1873. Cameron aliambiwa kwamba mzee huyo alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 300. Hapo jifunze kusoma kwa tahadhari: mgeni aliandika alichoambiwa, na hatujui aliyemwambia alikuwa anacheka kiasi gani.

Kuwarudisha watu waliobeba safari

Msafara wa Stanley wa 1871 ulikuwa na wapagazi 153, uligawanywa katika makundi matano, na ulibeba kama ratili 11,000 za mizigo, ambazo ni takribani tani tano. Wengi wa wapagazi wa njia hii walikuwa Wanyamwezi, waliokuwa wamefanya ubebaji kuwa kazi ya ujuzi, yenye kirangozi wa kutangulia na bendera, askari, wanyapara, na wanawake waliofuatana na waume zao. Wapagazi walipotoroka, safu zako zitakusaidia kuona sababu: chakula kilikuwa kimekwisha, hongo ilikuwa imesimamisha safari kwa siku nyingi, au mwezi wa kulima ulikuwa umefika na mtu alikuwa na shamba nyumbani.

Tafuta majina. Katika safari ya Burton, kiongozi wa msafara alikuwa Said bin Salim. Stanley aliunganisha msafara wake na misafara ya Sheikh Thani na Sheikh Hamed huko Chunyu kabla ya kuingia porini, na ukisoma kwa makini utaona kwamba wao ndio waliokuwa wakijua hongo ya kila mtemi. Zaidi ya wote yupo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, akarudi akiwa huru, akafuatana na Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley mwaka 1871, kisha Cameron hadi Atlantiki. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha na pensheni, naye akafariki mwaka 1885. Hakuna hata mmoja wa wazungu wale watano aliyeivuka Ugogo mara nyingi kama yeye. Kwa kweli, kama unaanza leo na bado hujachagua mtu, mchague Bombay, na uwatumie mabwana zake kama mashahidi.

Ipo pia sauti ya Kiswahili ya zama zile. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na maelezo hayo yakachapwa mwanzoni mwa karne ya 20. Ukiyasoma baada ya Stanley utaona bara lilivyotazamwa na mfanyabiashara aliyelijua vizuri, ambaye naye alikuwa na mikono isiyo safi.

Kuiweka safari juu ya ardhi

Wasafiri walijua mahali walipo kwa njia mbili. Latitudo waliipata kwa kupima urefu wa jua la adhuhuri au wa nyota kwa sekstanti, na kosa la dakika moja ya pembe ni kama kilomita 1.85, hivyo latitudo zao kwa kawaida zinaaminika kiasi cha kutosha kukufikisha kwenye tarafa, ingawa si kwenye mti. Longitudo ilihitaji kronomita inayoshika saa sawasawa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na kwa latitudo ya Dodoma kosa la dakika moja ya saa linausogeza msafara kama kilomita 28 mashariki au magharibi. Kronomita za Burton na Speke ziliharibika njiani, na Speke akalazimika kutegemea kupima umbali wa mwezi kutoka kwenye nyota, kazi ngumu hata kwa mtu asiye na homa. Basi zikigongana longitudo na maelezo ya mlima au korongo, fuata mlima. Mwinuko waliupata kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa kuwa maji huchemka kwa joto pungufu la kama nyuzi moja ya selisiasi kwa kila mita 300 za kupanda. Unaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hilo Dodoma mjini, ambako maji huchemka kwa kama nyuzi 96.

Kwa majina ya mahali, yasome kwa sauti. Wageni waliandika walichosikia, na herufi r na l hubadilishana: Matamburu ya Stanley inasikika kama Matumbulu ya leo, na Mvumi, Bihawana na Mdaburu hazina shida. Lakini usikimbilie kuweka alama kwenye kijiji cha leo chenye jina lilelile. Reli ya Kati iliyofika Dodoma mwaka 1910 ilivuta biashara kwenye stesheni, na Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, hivyo jina linaweza kuwa limehama na watu wake. Anza na ramani za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita moja ni nusu kilomita, uchore mwendo wa kila siku kwa kutumia saa za kutembea, kisha uangalie picha za setilaiti kutafuta makorongo ya mchanga na mabwawa. Maji hayahami kirahisi kama majina.

Ukiwa na ramani hiyo, nenda. Fika kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji, ueleze unachotafuta na uonyeshe barua ya shule au taasisi yako. Mtafiti rasmi atahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kabla ya hapo. Usichimbe wala kuokota kitu, hata shanga, kwa sababu vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Ukifika kwa wazee, salimia kwa "Mbukwenyi", ukae, na usianze kwa kutaja jina la Stanley, kwa kuwa ukilitaja utarudishiwa yale waliyosoma wajukuu shuleni. Uliza: "Babu, kabla ya bomba, maji ya kiangazi mliyatoa wapi? Watu wa kutoka mashariki walikuwa wakipita wapi? Wageni walikuwa wakilazwa wapi?" Waulize akina bibi vilevile, na ikiwezekana wao kwanza, kwa sababu waliochota maji hayo ni wao na mama zao. Ukitajiwa korongo au bwawa ambalo tayari umelichora kutokana na saa za kutembea, umepata kituo cha msafara; ukitajiwa jingine, andika yote mawili na uache swali wazi.

Kuandika

Andika kila siku ya safari kwa mpangilio wa safu zako, ukianza na maji, kisha chakula, kisha hongo, na hapo ndipo uingize maneno ya msafiri mwenyewe. Matusi yake usiyafute. Burton hasa aliandika juu ya Wagogo, Waswahili na wapagazi wake kwa dharau isiyopungua, na kuyaficha maneno hayo ni kumpamba. Yanukuu machache, yenye ukurasa wake, na kando ya kila moja uweke hali ya siku ile: saa za kutembea, homa, umbali wa maji. Hilo halimwondolei lawama, bali linamwonyesha msomaji maneno hayo yalitoka wapi.

Safari ya kurudi usiiache. Waandishi wengi humaliza pale msafiri anapofika ziwani, ilhali Burton na Speke walivuka tena Ugogo wakirudi pwani, walikofika Februari 1859, na Stanley aliondoka Tabora tarehe 14 Machi 1872 na kufika Bagamoyo tarehe 6 Mei, chini ya miezi miwili, wakati kwenda kulimchukua kama miezi mitatu. Katika kurudi mizigo ya nguo ilikuwa imepungua, msafara ulikuwa mdogo, bei za hongo zilijulikana, na mvua za masika zilikuwa zimejaza mabwawa, ingawa mvua hizohizo zilimgharikisha kwenye mbuga za Mkata. Jaza safu zilezile kwa safari hiyo ya pili, uziweke karibu na za kwanza kituo kwa kituo, na pale ambapo msafara ulioenda ulikaa siku tatu na uliorudi ukalala usiku mmoja tu, rudi kwenye safu ya maji na ya hongo utafute sababu kabla ya kuandika aya inayofuata.